Raita inachora duara kwenye DVD na video zinaganda kwenye deki: tatizo liko wapi?

MpigaVideo_Tanga

Ndugu zangu wa fani, habari za kazi. Ninarekodi video za harusi na maulidi hapa Tanga, na wateja wangu wengi bado wanataka kazi yao kwenye DVD, kwa kuwa deki ndiyo iliyopo sebuleni na ndiyo wazee waliyoizoea. Kwa miezi miwili sasa raita (kifaa cha kuchomea, yaani kuandikia diski) ya kompyuta yangu ya mezani inanitia hasara na aibu, na nimefika mahali sijui tena nishike lipi.

Wiki iliyopita nilichoma diski 20 za harusi moja. Diski 7 zilitoka na mkwaruzo upande wa chini, upana wa kidole kimoja kutoka ukingoni, mduara uliokamilika kana kwamba umechorwa kwa bikari. Nyingine 5 hazina mkwaruzo wowote, lakini kwenye deki zinakwenda vizuri hadi kama dakika ya 70, kisha picha inavunjika vipande vya mraba, sauti inakatika, na mwisho inaganda kabisa. Kinachonishangaza ni kwamba hizo 5 nikizirudisha kwenye kompyuta ile ile iliyozichoma zinacheza mpaka mwisho bila shida.

Nimebadilisha aina ya diski mara mbili. Nimenunua diski ya kusafishia lenzi, ile yenye vibrashi vidogo, wala sikuona nafuu. Ninachoma kwa kasi ya mara 16 (16x, yaani mara 16 ya kasi ya msingi ya DVD) kwa sababu oda ni nyingi. Kompyuta nimeilaza ubavu chini ya meza kwa ajili ya nafasi, hivyo trei inatoka ikiwa wima. Kila diski huwa ninaibandika kwanza stika ya karatasi yenye picha ya maharusi, ndipo niichome, nisije nikachanganya kazi za watu.

Jambo lililo zito kuliko yote ni hili. Mama wa bibi harusi mmoja alirudisha diski yake juzi. Ina mkwaruzo huo wa duara, na inaganda pale bibi mzaa mama anapomshika mjukuu wake mikono na kumwombea dua kabla hajatolewa kwenda kwa mumewe. Bibi huyo alifariki dunia mwezi uliopita. Mafaili ya awali nilikwisha kuyafuta ili nipate nafasi kwenye hadi diski, na nilichobaki nacho ni hiyo diski ya mama pamoja na nakala yangu ya kumbukumbu, ambayo haina mkwaruzo lakini nayo inaganda kuanzia dakika ya 70. Naombeni msaada wa kuitibu raita, na zaidi msaada wa kuokoa dakika zile chache.

FundiMwanza

Pole sana, mwanangu. Nimetengeneza redio, deki na kompyuta tangu enzi za kanda, na nikikusoma vizuri naona una magonjwa mawili yaliyokutana katika mashine moja. Ukiyatibu kama ugonjwa mmoja utazunguka mwaka mzima. Mimi nitazungumzia mkwaruzo, kisha wengine watusaidie kuhusu kuganda.

Umbo la mkwaruzo ndilo linalomtaja mkosaji. Mkwaruzo unaotoka katikati kuelekea ukingoni, au uliopinda ovyo, umetokana na mkono, meza, mchanga au mfuko wa diski. Mkwaruzo wa duara kamili, unaolizunguka tundu la katikati kwa umbali ule ule, hauwezi kufanywa na mkono. Umefanyika diski ikizunguka huku kitu kilichosimama kikiigusa. Kwa hiyo usilaumu diski wala wateja. Kuna kitu ndani ya raita kinaigusa diski.

Vitu vinavyoweza kuigusa si vingi. Lenzi hukaa chini ya diski kwa umbali wa takriban milimita moja tu, na hupanda na kushuka ikiutafuta usawa wa kuona. Diski ikiyumba kupita kiasi, au lenzi ikipoteza usawa na kuruka juu kuutafuta tena, vinaweza kukutana. Kitu cha pili ni trei yenyewe. Diski ikikaa chini kuliko inavyopaswa, au ikiwa imeinama upande mmoja, ukingo wake husugua plastiki ya trei, na mkwaruzo wako wa karibu na ukingo unanifanya niwaze hilo kabla ya lenzi.

Sasa sikiliza kuhusu kitovu. Katika raita za kompyuta za mezani, diski hukaa juu ya kitovu cha mota na kubanwa kutoka juu kwa kipande chenye sumaku. Juu ya kitovu hicho kuna pete nyembamba ya mpira, isiyozidi unene wa kamba ya kiatu, ambayo ndiyo inayoishika diski isiteleze. Mpira huo ukizeeka, ukajaa vumbi la mafuta au ukahama mahali pake, diski inakaa imeinama kidogo. Kuinama kidogo kwenye kitovu kunakuwa kuinama kukubwa ukingoni, na kwa kasi unayotumia hapo ndipo inapogusa.

Kuilaza kompyuta ubavu kunaongeza tatizo. Trei nyingi zina vimeno vidogo vinne vya kuzuia diski isidondoke trei inapokuwa wima, lakini diski lazima iwekwe nyuma ya vimeno hivyo kwa uangalifu, la sivyo inaingia imepinda. Tena, usiisukume wala kuiinua kompyuta diski ikiwa inazunguka, hata kwa kuisogeza kidogo na goti chini ya meza.

Fanya jaribio hili kabla ya kufungua kitu. Chukua diski safi usiyoihitaji tena, iangalie kwenye mwanga, kisha iingize na kuitoa mara kumi bila kuisoma. Iangalie tena. Baada ya hapo inakili yote kwenye kompyuta, itoe, uiangalie mara ya tatu. Kama mkwaruzo umetokea katika hatua ya kwanza, kosa ni la trei na uingizaji. Kama umetokea katika hatua ya pili tu, kosa ni la kitovu, mpira au lenzi. Rudia jaribio lote kompyuta ikiwa imesimama wima kama ilivyotengenezwa.

Ukiamua kufungua, chomoa kwanza waya wa umeme na waya wa data, toa trei kwa kusukuma klipu ya karatasi iliyonyooshwa kwenye tundu dogo lililo mbele, ndipo ulegeze skrubu nne za chini. Usiiwashe raita ikiwa wazi hata kwa sekunde moja. Mwale wa kuchomea CD uko nje ya rangi ambazo jicho linaziona vizuri, hivyo unaweza kukuharibu jicho bila wewe kuuona. Na ile diski ya vibrashi usiitumie tena, kwa kuwa lenzi imening'inia kwenye nyaya nyembamba mno na kupigwapigwa na brashi kunaweza kuihamisha mahali pake.

Studio_Kisumu

Pole kaka. Mimi kwa upande wangu naona kasi ndiyo inayokuumiza. Shuka mpaka kasi ya chini kabisa ambayo programu inakuruhusu, mara 1 au mara 2, na kuganda kutaisha. Na kama utanunua raita ya nje ya USB, hakikisha inapata umeme wa kutosha, kwa sababu zangu mbili zilikuwa zikiharibu diski mpaka nilipozipatia waya wenye vichwa viwili. Tundu la USB 2.0 hutoa miliampia 500 tu, na raita ikianza kuchoma huhitaji zaidi ya hapo.

DadaWaKumbukumbu

Kaka wa Tanga, pole, na namshukuru mzee wetu wa Mwanza kwa maelezo yake. Kazi yangu ni kuhamisha sauti na picha za zamani kutoka kwenye kanda na diski, hivyo kuganda nimekuona kwa sura zote.

Kwanza, kwa nini kuganda kunakuja mwishoni. DVD huandikwa kutoka ndani, karibu na tundu, kwenda nje. Dakika ya 70 ya video yako iko karibu na ukingo. Unapochagua kasi ya mara 16, raita haichomi kwa kasi hiyo tangu mwanzo. Huanza kwa kama mara 6 karibu na katikati na kufikia 16 ikiwa imekaribia ukingo. Hapo diski inazunguka zaidi ya mara 9,000 kwa dakika, na ndipo ambapo kupinda kokote, kuyumba kokote na dosari yoyote ya tabaka la rangi lililo ndani ya diski huonekana zaidi. Leza haikwaruzi kitu, bali inaunguza alama ndogo mno katika tabaka hilo la rangi, na alama hizo zikichomwa huku diski ikiyumba zinatoka na mipaka isiyo safi. Diski ina njia yake ya kusahihisha makosa, kwa hiyo mwanzoni huoni lolote. Makosa yakizidi uwezo wa kusahihishwa, ndipo picha inapovunjika vipande vya mraba.

Ndiyo maana pia kompyuta inaicheza na deki inashindwa. Mara nyingi raita iliyochoma diski ndiyo inayoivumilia kuliko zote, tena inaweza kurudia kusoma mahali pabaya mara nyingi na kupunguza kasi, ilhali deki inapaswa kuendelea na picha bila kusubiri. Kwa hiyo usiikague diski kwa mashine iliyoichoma. Ikague kwa nyingine, na ikiwezekana kwa deki ya zamani kuliko zote ulizo nazo, na uangalie dakika kumi za mwisho, si za mwanzo.

Sasa ile stika. Kaka, naomba uiache kabisa leo hii. DVD ni sahani mbili za plastiki, kila moja milimita 0.6, zilizogundishwa pamoja. Ukibandika karatasi upande mmoja, uzito hauko sawa pande zote hata kama umebandika kwa macho makali, na diski inayumba. Halafu karatasi inavuta unyevu na kutanuka, kisha inakauka na kusinyaa, huku plastiki ikibaki kama ilivyo; taratibu diski nzima inapinda kama sahani ya chai. Katika hewa ya mwambao kama Tanga, hilo halichukui miezi. Wewe unabandika kabla ya kuchoma, maana yake unachoma kwenye diski ambayo tayari inayumba, kwa kasi ya juu kabisa, katika raita ambayo huenda kitovu chake kimechoka. Ninaamini mkwaruzo na kuganda vinakutana hapo. Ziko diski zenye uso mweupe ambazo printa za wino huchapa moja kwa moja. Hizo ndizo za kazi yako. Kalamu ya wino usiofutika, yenye ncha laini, inatosha kwa kuandika jina.

Kuhusu kasi, ndugu yetu wa Kisumu ana haki nusu. Punguza, lakini usishuke mpaka mwisho. Ndani ya kila diski kuna alama ya utambulisho wa aliyeitengeneza, na programu ya ndani ya raita huitumia kuchagua namna ya kuichoma. Diski za siku hizi zilizotengenezwa kwa kasi ya mara 16 hazikuandaliwa kuchomwa kwa mara 1 au 2, na mara nyingi matokeo huwa mabaya zaidi kuliko ya kasi ya kati. Anza na mara 8, na kama raita inaruhusu jaribu mara 4. Kwa mara 4 diski iliyojaa huchukua kama dakika 14 au 15, na ukingoni inazunguka takriban mara 2,300 kwa dakika tu. Programu ya ImgBurn inakuonyesha kasi ambazo diski yenyewe inazikubali na inaweza kuikagua baada ya kuchoma. Kwa wanaotumia mfumo wa Linux badala ya Windows, programu ya K3b inafanya hivyo hivyo.

Jambo la mwisho ni uzito wa video yenyewe. Kiwango cha DVD kinaruhusu picha mpaka megabiti 9.8 kwa sekunde, lakini diski ya kuchoma iliyojazwa karibu na kikomo hicho inaitesa deki ya bei nafuu. Weka kama megabiti 6. Diski ya gigabaiti 4.7 itabeba dakika zipatazo 100, na hakuna mama wa bibi harusi atakayeona tofauti. Hakikisha pia programu inaifunga diski mwishoni (finalize), kwa maana diski iliyoachwa wazi deki nyingi haziisomi kabisa.

MpigaVideo_Tanga

Mzee wangu wa Mwanza, shikamoo, na dada yangu, Mungu awalipe. Nimefanya majaribio kama mlivyoelekeza na naleta majibu.

Kuingiza na kutoa diski mara kumi hakukuacha alama. Kuisoma yote kompyuta ikiwa imelala kuliacha duara hafifu. Niliisimamisha kompyuta, nikatumia diski nyingine, na duara likaja tena, hafifu zaidi lakini likaja. Nikachomoa nyaya, nikafungua. Ile pete ya mpira ilikuwa imehama kutoka mahali pake na kukunjika upande mmoja, na kuizunguka kulikuwa na unga mweusi kama masizi ya kibatari. Kwenye ukingo wa trei nimeona mahali palipong'aa kwa kusuguliwa. Nilipokamata moja ya zile diski 7 na kuitazama kwa ubavu kwenye mwanga wa dirisha, stika ilikuwa imeachia upande mmoja na diski imepinda wazi wazi.

Raita hiyo nimeiweka pembeni na sitaitumia tena kwa kazi ya mtu. Ombi langu lililobaki ni ile dua ya bibi. Mtu mmoja hapa mtaani amenishauri niisugue diski ya mama kwa dawa ya meno. Nimeogopa.

DadaWaKumbukumbu

Umefanya vyema kuogopa. Usiisugue kwanza, wala usiirudishe diski yoyote kati ya hizo mbili kwenye raita ile. Stika nayo usiibandue, maana ukiivuta utaipinda diski hata zaidi. Kama kuna ukingo ulioachia, ulaze taratibu kwa kidole.

Una bahati moja kubwa ambayo huenda hujaiona. Kama diski hizo mbili zilichomwa kutoka kwenye faili moja, basi data zake ni zile zile, sekta (kipande kidogo cha data) kwa sekta, lakini zimeharibika mahali tofauti. Moja imekwaruzwa kwenye duara lake, nyingine imechomwa vibaya kuelekea ukingoni. Kinachokosekana katika moja kinaweza kuwepo katika nyingine.

Ifute kila moja kwa pamba laini yenye maji safi, kutoka katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka, usizungushe kamwe. Tafuta kompyuta nyingine yenye raita nzima, na ikiwezekana mbili za aina tofauti. Kwenye Linux tumia programu iitwayo ddrescue. Haifanyi kama kunakili kwa kawaida ambako kosa moja husimamisha kazi. Yenyewe huchukua kwanza kila kilicho rahisi, huandika kwenye faili la ramani mahali ilipokwama, kisha huparudia. Iambie kwamba ukubwa wa sekta ni baiti 2,048. Anza na nakala yako isiyo na mkwaruzo. Ikifika mwisho, weka diski ya mama, uendelee na faili lile lile na ramani ile ile, nayo itajaza mapengo tu bila kugusa kilichokwisha kuokolewa.

Yakibaki mapengo, ndipo tuongelee kung'arisha. Mkwaruzo wa upande wa chini uko kwenye plastiki angavu, data ziko ndani zaidi, kwa hiyo fundi mwenye mashine ya kung'arishia anaweza kuupunguza. Dawa ya meno iache, kwa sababu kila chapa ina ukali wake na hujui unasugua kwa kitu gani. Kung'arisha hakutasaidia nakala yako ya kumbukumbu, kwa kuwa yenyewe imechomwa vibaya na haina mkwaruzo wa kuondolewa.

FundiMwanza

Nakubaliana na dada. Naongeza moja tu: kabla ya kuanza, diski iache nusu saa katika chumba kile kile ilipo kompyuta, isije ikatoka kwenye ubaridi wa kiyoyozi ikatota mvuke. Na ukipata kilichookolewa, kiweke mahali pawili siku hiyo hiyo kabla ya kulala.

MpigaVideo_Tanga

Nimerudi baada ya siku nne. Nilitumia kompyuta ya mpakato ya shemeji yangu na ya jirani mmoja. Nakala yangu ilisomeka vizuri mpaka karibu na mwisho, ikaacha mapengo mengi madogo. Diski ya mama iliyajaza karibu yote kwa usiku mmoja, kwa kelele ya kusoma na kurudia ambayo ilinifanya nikae karibu nayo mpaka alfajiri. Zimebaki sekta chache ambazo hazikupatikana, nazo zimeangukia baada ya dua, wakati gari linaondoka. Picha inavunjika kwa muda mfupi kisha inaendelea. Sauti ya bibi imetoka yote, tangu anapoanza Bismillahi mpaka watu wanapoitikia amina.

Nimenunua raita mpya na diski zenye uso mweupe, kompyuta imesimama wima juu ya meza, na nimechoma diski 10 kwa kasi ya mara 8. Zote nimezikagua kwa deki ya zamani ya mama yangu, dakika kumi za mwisho, kama nilivyoelekezwa. Hakuna iliyoganda na hakuna iliyokwaruzwa. Mama wa bibi harusi nitampelekea kesho asubuhi diski mbili pamoja na flashi yenye faili lote, na nakala zangu ziko sasa kwenye hadi diski mbili zilizo katika nyumba mbili.